Maiti Haba

Nilifika katika mji ule saa kumi alasiri, na muda wote niliokaa humo ilibaki kuwa saa kumi alasiri. Jua lilisimama juu ya mapaa ya bati kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Nilitembea, nikapumzika, nikatembea tena, na kivuli changu hakikurefuka hata shubiri moja. Mwanzoni nilidhani saa yangu imekufa. Baadaye nikaelewa kwamba saa ilikuwa nzima. Mji ndio uliokataa kuendelea. Sijui nani aliniita pale. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimelala chali kitandani kwangu, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, miwani ya kusomea kifuani, nikijiuliza swali linaloniandama tangu nywele zianze kunitoka: mtu akisema neno kwa mzaha, neno lenyewe linajua kuwa ni mzaha?

Langoni alikaa kijana juu ya spika kubwa iliyopasuka. Alivaa miwani nyeusi, na shingoni alikuwa na mkufu mnene wa rangi ya dhahabu ambao ulishaanza kumwachia alama ya kijani kwenye ngozi. Nilimjua kabla hajainua uso. Alikuwa mimi. Alikuwa mimi wa miaka thelathini iliyopita, na kidevu changu cha wakati ule kabla hakijawa viwili.

Aliitwa Mzishi. Ndilo jina nililojipa nilipokuwa nafoka, nilipokuwa nashindana na wenzangu kwa mistari na biti. Wenye kuijua lugha wanajua kwamba mzishi ni mtu anayezika, na pia ni rafiki wa dhati, yule wa kufa na kuzikana. Nilichukua maana ya kwanza, ya pili nikaitupa kwa sababu haikuogopesha. Jina langu la nyumbani ni Chande. Chande hajawahi kuchinja hata kuku. Nikiona damu ya kuku nageuza uso. Siku za sikukuu mama alikuwa akimwita jirani aje atuchinjie.

"Shikamoo, mzee," Mzishi aliniambia, meno yote nje.

"Marahaba."

Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Sio hivyo bwana! Umesahau wimbo wako mwenyewe? Sikiliza." Akageukia mji, akaweka viganja mdomoni. "Shikamoo!"

Na mji ukaitika. Waliitika wanawake waliokuwa kwenye foleni ya bomba, wakaitika wacheza bao, akaitika kinyozi bila kuondoa wembe kwenye shingo ya mteja, wakaitika watoto kutoka madirishani. Waliitika kwa sauti moja, bila hasira yoyote, kama watu wanavyoitika amina.

"Maiti haba!"

Nilikaa chini palepale vumbini.

Ngoja niseme lilikotoka neno hili, maana hakuna mwingine wa kulisema. Mama yangu alinilea kwa salamu. Kila asubuhi kabla ya chai alinisukuma nje: "Nenda kawaamkie watu." Nilizunguka milango yote ya uchochoro wetu, na kila mlango ulinirudishia marahaba yake, nyingine ya kikohozi, nyingine ya usingizi, nyingine ya mtu mwenye mswaki mdomoni. Niliporudi mama aliuliza, "Umeitikiwa?" Hakuuliza kama nimeamkia. Aliuliza kama nimeitikiwa. Kama kuna mlango uliokaa kimya alinirudisha hukohuko, maana kwake salamu isiyoitikiwa ilikuwa sawa na mtoto aliyeachwa njiani. Nilichukia sana kazi ile. Leo ningetoa meno yaliyobaki niifanye asubuhi moja tu.

Basi alasiri moja, katika chumba kilichobandikwa trei za mayai kutani ili sauti isitoke, nilikuwa natafuta kina. Anayefoka anaijua njaa ya kina: mstari umekaa vizuri, mwisho wake umefunguka, na hakuna neno la kuufunga. Biti ilikuwa inazunguka, mtayarishaji amenipa mgongo, na mimi nina silabi moja tu mdomoni, ba, ba, ba. Nikakumbuka milango ya utotoni. Marahaba. Nikalitazama neno lile kama fundi anavyoitazama redio ya mtu mwingine. Nikalifungua. Nikatoa mara, nikaweka maiti. Likafunga sawasawa, hata skrubu moja haikubaki mezani.

Shikamoo!
Maiti haba!
Ardhi ina njaa, haijashiba,
Mzishi yuko mlangoni, andaeni msiba.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mtayarishaji naye akacheka, akasema hapo umeua. Naapa hakukuwa na ubaya wowote chumbani mle. Kulikuwa na vijana wawili, feni mbovu na trei za mayai. Kwenye picha ya kasha la wimbo nimeshika bastola, na watu wengi waliiogopa ile picha. Ilikuwa bastola ya maji, ya watoto, ya sikukuu ya Idi. Niliipaka kiwi nyeusi ya viatu, na wakati tunapiga picha ilikuwa bado inanidondoshea maji kwenye suruali.

Kisha wimbo ukatoka. Watu wa redio wanalitumia neno hilo bila kulifikiri: wimbo umetoka. Mimi nimelifikiri miaka mingi. Wimbo hutoka kama mtu anavyotoka nyumbani kwao. Wewe umesimama mlangoni, hujui anakwenda wapi, na atakakofika atasema ni mtoto wako.

"Nataka kuondoka hapa," nilimwambia Mzishi.

"Na ndo kwanza umefika?" Alisafisha miwani kwa pindo la fulana. "Sharti la hapa ni moja, mzee. Hatoki mtu mpaka aitikiwe na yule ambaye yeye alimkosea. Wako anakaa nyumba ile isiyo na mlango. Nenda kaamkie."

*

Nyumba ilikuwa na fremu nzuri ya mlango, ya mbao iliyopigwa randa mpaka ikalainika, na ndani ya fremu hakukuwa na kitu. Hapakuwa na pa kugonga. Nikapiga hodi kwa mdomo.

"Pita," ilijibu sauti. "Huyo anayepiga hodi nyumba iliyo wazi ana adabu au ana kesi."

Mwanamke wa miaka sitini na kitu alikaa kwenye mkeka anachambua choroko, ungo mapajani. Nilisema, "Shikamoo, mama." Vidole vyake havikusimama. Alitoa kijiwe, akakitupa. Akatoa kingine, akakitupa. Shikamoo yangu nayo ilikuwa humo kwenye ungo, nadhani, na ilitupwa pamoja na vijiwe.

"Wewe ndiye mwenye wimbo," alisema baadaye.

"Ndiye mimi."

"Mfupi kuliko nilivyofikiria. Kaa."

Nikakaa. Nilimwambia nimekuja aniitikie, na kwamba bila hivyo sitatoka. Akatikisa ungo.

"Siitikii mtu mimi, baba. Tangu nimzike Hemedi mji mzima umeniamkia, siitikii. Nikisema marahaba watoto wananicheka, wanaona bibi amesahau maneno. Nikisema hayo yenu, nitakuwa nimemzika mwanangu mara ya pili."

Ndipo akanisimulia, macho kwenye choroko. Hemedi alikuwa fundi wa milango, miaka ishirini na miwili, na sikio lake moja lilikuwa zito tangu utotoni. Nyimbo zilimpita. Wenzake wakicheza yeye alitabasamu tu, akarudi kwenye randa. Fremu ile aliifunga yeye, na mlango wenyewe alisema atauleta Jumapili. Siku ya Alhamisi alikwenda mtaa wa pili kupima dirisha la mteja. Akakuta vijana wamekaa barazani, na kati yao mmoja mkubwa kwake kwa miaka kumi hivi. Akamwamkia, kama alivyofunzwa.

"Akasema, 'Shikamoo, kaka.' Wakamjibu yale yenu, wote kwa pamoja. Hemedi akadhani wamekosea. Baba wewe, alidhani wamekosea! Hajawahi kuusikia huo wimbo. Akasimama, akawaambia kwa upole, maana hakuwa na makali mwanangu, akawaambia: 'Si hivyo, kaka. Huitikiwa marahaba.'"

Alichukua choroko moja akaitazama sana.

"Yule mkubwa akauliza, 'Unatufundisha salamu? Mbele za watu?' Basi. Walioshuhudia wanasema kisu kilitoka kabla hajamaliza kucheka. Hemedi ndiye aliyekuwa anacheka. Alifikiri wanataniana."

Nikaanza kusema yale niliyozoea kuyasema kwenye mahojiano, yale ninayoyajua kwa moyo. Nikasema mimi sikushika kisu chochote. Nikasema mimi ni msanii, na msanii ni kioo cha jamii. Mitaa ina visu, kioo kikaonyesha visu. Nikasema nilikuwa kijana, nilikuwa natafuta kina tu.

"Mama, nakuapia, sikudhani..."

"Abee," aliitika.

Maneno yakanikatika.

"Si umeniita? Mimi ndiye Sikudhani. Mama yangu alidhani ameshamaliza kuzaa, nikaja mimi, wakaniita hivyo. Zamani nilikuwa Mama Hemedi. Sasa nimerudishiwa la utotoni. Haya, sema."

"Nilitaka kusema kwamba, sikudhani kama wimbo..."

"Abee."

Hakuwa ananicheka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeitika jina lake, basi. Nikajaribu njia nyingine: sikutegemea, haikuwa nia yangu, nani angejua. Maneno yote yale yaligeuka yakarudi kwenye lile lile moja, na kila nilipolifikia nilimkuta yeye amekaa ndani yake na ungo. Miaka thelathini nimeishi ndani ya udhuru ule. Nimekula humo, nimelala humo, nimelea watoto humo. Sikujua una mwenyewe. Na nikawaza, huenda ndivyo udhuru wote wa dunia ulivyo: mtu anasema sikudhani, na mahali fulani kuna mwanamke anainua kichwa kwa sababu ameitwa.

Niliona haya, nikainamisha kichwa. Niseme wazi, nililia.

"Machozi hayaitikii salamu," alisema, lakini kwa sauti iliyolegea kidogo. "Nisikilize. Nirudishie neno letu. Nenda kawaambie watu walitamke tena, wote kwa pamoja, hata mara moja, nilisikie nikiwa nimekaa hapahapa. Ukiweza hilo nitakuitikia kama mama anavyomwitikia mtoto, na utakwenda zako."

*

Mzishi alinisindikiza uwanjani, mikono mfukoni, akiruka mifereji kama nilivyokuwa naruka. Saa ilikuwa kumi alasiri.

"Utawaimbia nini? Nyimbo njema?" aliuliza. "Unaukumbuka wimbo wa kunawa mikono?"

Niliukumbuka. Ofisi fulani ilituita, ikatuvisha fulana nyeupe zenye harufu ya dukani, ikatupa karatasi yenye maneno ya kuimba. Nawa, nawa, nawa kwa sabuni. Ulikuwa ujumbe mwema kabisa, hakuna wa kuupinga, na ulikufa siku ileile. Hata mama yangu aliniomba nipunguze sauti.

"Unaona?" Mzishi alisema. "Wema wenu hauna biti. Mtu ametoka kwenye dhiki zake, wewe unamfokea anawe mikono. Mimi nilimpa kitu. Alikuwa anapita mtaani watu hawamwoni. Akiimba wimbo wangu anaogopwa. Nani mwingine alimpa hicho? Wewe unataka niimbe maua wakati kuna visu?"

Kijana yule alikuwa anasema kweli, na kweli ikitoka kwenye mdomo wako wa zamani inauma zaidi. Tulipita kwa kinyozi. Tulipita kwenye bomba. Nikamwambia, "Kuvisema visu sikatai. Lakini mimi na wewe hatukuvisema. Tulivivaa. Unamkumbuka Sudi?"

Sudi alikuwa kijana wa uchochoro wetu, na kwa kweli aliwahi kumchoma mtu. Alirudi kutoka kifungoni hawezi kushika kikombe cha chai kikatulia. Alikaa kibarazani peke yake, mikono ameikalia ili watu wasiione. Mama yake akipita na kapu, Sudi aligeuza uso.

"Ile mikono ndiyo tungeiimba," nilisema. "Tulikuwa tunaiona kila siku. Tukaiacha, tukaenda kupaka kiwi bastola ya maji. Tulisema sisi ni kioo. Kioo gani kinajipaka kiwi?"

"Wimbo wa mtu anayetetemeka mikono? Nani angeucheza?"

"Sijui."

Na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko yote niliyoyaandika. Sijui. Sikujaribu. Nilikuwa na biti, nilikuwa na sauti, nilikuwa na Sudi kibarazani, na sikujaribu hata mstari mmoja.

Uwanja ulijaa. Walivaa fulana nyeusi zenye uso wa Mzishi, kina mama, wazee, wasichana wa shule, na walinishangilia kwa upendo ambao siwezi kuueleza bila kuonekana najisifu. Walinipenda. Niseme tena, maana wengi hudhani watu wa namna hii wana roho mbaya: walinipenda, na walipendana. Nikashika kipaza sauti. Biti ikaanza, ile ile, na nikafoka mistari mipya niliyoitunga njiani. Nilifoka habari za fundi mwenye sikio zito. Nilifoka randa yake, vumbi la mbao kwenye kope zake, fremu isiyo na mlango, mlango wa Jumapili. Sikutafuta kina, vina vilikuja vyenyewe, na vilikuwa vina bora kuliko vyote vya maisha yangu. Mzee mmoja mbele alivua kofia. Msichana alijifuta macho kwa fulana yenye uso wangu. Nikajisemea moyoni, Chande, umelipata. Nikainua mkono kama zamani.

"Shikamoo!"

"MAITI HABA!" waliitika, na machozi yao machoni. "NA HABA HUJAZA KIBABA!"

Nikamgeukia Mzishi. "Hiyo ya kibaba nimeiandika lini?"

"Hujaiandika. Wameongeza wenyewe." Kwa mara ya kwanza alionekana ana wasiwasi. "Mi mwenyewe niliikuta tu."

Nikarudia. Nikarudia tena. Nikazima biti nikawasihi kwa maneno matupu: jamani, ndugu zangu, semeni marahaba. Walitazamana. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema kwa huruma, "Maskini, mzee kasahau kiitikio chake." Akaja mpaka jukwaani. Akanishika mkono. Na kwa upole kabisa, kama mtu anayemsahihisha mgeni aliyekosea, akanifundisha.

"Si hivyo, baba. Huitikiwa maiti haba. Sema na mimi. Mai-ti ha-ba."

Upole wake ulikuwa ule ule wa Hemedi. Nilimtazama yule mama nikaona hana kosa hata chembe.

Naye mtoto mgongoni kwake alikuwa anajifunza kusema.

*

Nani mwenye neno? Aliyelisema kwanza au aliyelisema mwisho?

Nilipolifungua neno la mama yangu nilidhani nitalirudishia vitu vyake baadaye. Fundi yeyote husema hivyo.

Mimi Chande. Mimi Mzishi. Mimi mtoto anayegonga mlango wa nne asubuhi, umande kwenye vidole vya miguu. Mama, sijaitikiwa. Rudi ukaamkie tena. Mama, nimerudi mara tatu. Rudi.

Kumbe marahaba ukiikata vibaya inakuwa mara haba. Mara chache. Wajuzi wanasema neno lilitoka Arabuni na halina uhusiano na hilo, na nawaamini, lakini mtu mwenye majuto hasikilizi wajuzi. Mara chache mtu huitikiwa. Nimefika umri wa kuamkiwa, na tangu nifike hakuna kijana aliyeniamkia bila kucheka. Wananiambia shikamoo, kisha wanasubiri niseme mstari. Huwa nausema. Ndiyo, huwa nausema. Ningefanyaje, wanafurahi, wengine wanataka picha. Nimeusema kwenye harusi. Nimeusema hospitali. Siku mama yangu anakufa, muuguzi kijana alinitambua, akanong'ona, "Shikamoo, Mzishi," na mdomo wangu, mdomo huu, ulifunguka wenyewe kabla mimi sijafika. Mama alikuwa bado anasikia.

Hilo sijawahi kumwambia mtu.

*

Nilirudi peke yangu. Mzishi alibaki langoni juu ya spika yake, amevua miwani, na bila miwani macho yake yalikuwa ya kitoto.

Sikudhani alikuwa amemaliza kuchambua. Choroko safi zilikuwa kwenye bakuli, vijiwe vimepangwa mstari kwenye kizingiti. Kutoka pale alipokaa uwanja husikika vizuri, kwa kuwa hakuna mlango wa kuzuia. Nilijua amesikia kila kitu, mistari ya Hemedi, na kilichofuata. Sikupiga hodi. Nilisimama ndani ya fremu aliyoifunga mwanawe, mkono kwenye mbao laini.

"Nimeshindwa, mama."

"Nimesikia."

"Walilia. Uliwasikia wanalia?"

"Niliwasikia. Randa uliisema vizuri. Kope pia. Alikuwa anarudi na vumbi kwenye kope hivyohivyo." Alijipangusa mikono kwenye kanga. "Ungeimba hivyo mapema, baba."

Nilifikiria kumwomba niishi pale, nimchambulie choroko, niwe mtu wa saa kumi alasiri mpaka mwisho. Ingekuwa haki. Ingekuwa pia raha, nadhani, ndiyo maana sikuomba. Nilibaki na kitu kimoja cha kufanya, kile nilichofundishwa kabla ya chai. Nilipiga goti kwenye kizingiti, juu ya vile vijiwe, na sikusema kama mwimbaji. Nilisema kama mtoto aliyerudishwa mlangoni mara ya nne.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama. Niliona midomo yake ikianza kuunda ma, ile ma ya kwanza ambayo maneno yote mawili huanza nayo, na moyo wangu ukaruka. Kisha alisikiliza nje. Kule kwenye bomba watoto walikuwa bado wanaitikiana, wanacheka. Akashusha pumzi.

"Maiti haba," alisema taratibu. "Mmoja tu, mwanangu. Sikuwa na wa pili."

Nikainuka. Nje, kivuli changu kilikuwa kimeanza kurefuka, na lango lilikuwa wazi. Nilikuwa nimeitikiwa.